Sauti Itangulie, Mkono Ufuate

Katika vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa kwenye darsa za Pwani tangu zama za babu zetu, na hasa katika Minhaji ya Imamu Nawawi, ambayo wanafunzi wa Lamu, Mombasa na Unguja wameiinamia kizazi baada ya kizazi, umo mlango wa mawindo. Na katika mlango huo mbwa, mnyama ambaye ulimi wake ukigusa chombo huwapasa wafuasi wa Imamu Shafii kukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, hupewa cheo ambacho wengi wetu hatukutazamia kumwona nacho. Huitwa aliyefunzwa. Sharti za cheo hicho ni chache na zi wazi: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata windo asilile, na mambo hayo yakaririwe mpaka wenye kuwajua mbwa waseme kuwa huyu amekwisha kufunzika. Wanavyuoni hao, ambao hawakuwa watu wa kukimbia maswali magumu, hawakujishughulisha kuuliza kama mbwa anafahamu maana ya neno analoambiwa. Walitazama tendo, wakatazama kama tendo lafuata amri, wakatosheka.

Swali waliloliacha ndilo linalowashughulisha leo watu wa mchezo mmoja uliozaliwa Uingereza na kuenea Ulaya, Marekani na Japani, mchezo wa kumkimbiza mbwa katika uwanja wenye viunzi, ambao wenyewe huuita ajiliti. Asili yake yajulikana. Mwaka 1978, katika maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, ambayo wakati huo yalifanyika kwenye jumba la Olympia mjini London, Bwana John Varley wa kamati ya maonyesho alitaka jambo la kuwashughulisha watazamaji baina ya hukumu moja na nyingine, uwanja unapokuwa mtupu, akamwomba Bwana Peter Meanwell, fundi wa kufunza mbwa, alibuni. Wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi, wakavipunguza viunzi vikalingana na kimo cha mbwa, na watu waliokuja kutazama uzuri wa manyoya wakasahau manyoya. Mwaka 1980 chama kikuu cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kiliutambua kuwa mchezo wenye kanuni zake, na mwaka 1996 yakaanza mashindano ya dunia.

Uwanja wenyewe ni nyasi au zulia, na juu yake zimo fito za kuruka, tairi lililotundikwa, handaki la turubai linalopinda, daraja jembamba la mbao, mbao mbili pana zilizoegemeana, ubao wa pembea unaoinama mbwa akishavuka katikati, na fito 12 zilizosimikwa katika mstari mmoja, ambazo mbwa hupenya baina yake kwa kujipinda huku na huku, na sharti aingie ufito wa kwanza ukiwa upande wa bega lake la kushoto. Mpangilio hubadilika kila shindano. Mwamuzi huupanga, watu hupewa dakika chache waupitie kwa miguu bila mbwa, na mbwa huuona kwa mara ya kwanza pale anapoukimbia. Yeye hajui kiunzi cha tatu ni kipi wala cha nane ni kipi, ajuaye ni mtu. Na mtu huyo, kwa hukumu ya kanuni, haruhusiwi kumgusa mbwa wala kugusa kiunzi, na haingii na chakula wala mpira. Amebakiwa na mambo mawili tu, mwili wake na sauti yake.

Hapo ndipo penye mgogoro, kwa sababu mambo mawili hayo hayana nguvu sawa mbele ya mbwa. Mtu husema kwa ulimi akausahau mwili; mbwa husoma mwili, na ulimi huuacha uendelee na yake. Bega likielekea kuume, ncha ya kiatu ikageuka, jicho likatazama mlango wa handaki, mbwa amekwisha kuambiwa, na hata kinywa kikitamka kushoto kwa ukali wa namna gani, yeye atakwenda kuume, na katika kwenda kwake atakuwa mtiifu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Napoli, nchini Italia, walichapisha habari za mbwa waliofunzwa kuokoa watu majini, ambao walizijua amri zile zile kwa neno na kwa ishara ya mkono. Walipoambiwa jambo moja kwa mdomo na jingine kwa mkono, aghalabu waliufuata mkono. Watu walioishi na mbwa hawatastaajabu.

Wala jambo hili si la mbwa peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin palikuwa na farasi, jina lake Hans, ambaye bwana wake Wilhelm von Osten, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alimfunza kujumlisha na kutoa kwa kugonga ukwato chini, na sifa zake zikaenea hata ikaundwa tume ya wajuzi kumchunguza, nayo isione hila yoyote. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alilifumbua fumbo hilo: muulizaji asipolijua jawabu, au akisimama mahali farasi asipoweza kumwona, hesabu zote zilipotea. Hans hakujua kujumlisha. Alijua kuona kichwa cha mtu kinavyotikisika, kwa kadiri ndogo mno, pale idadi ya vishindo inapotimia, mtikisiko ambao mtu mwenyewe hakuwa na habari kwamba ameufanya. Tume haikukuta hila kwa kuwa hila haikuwapo. Von Osten aliamini kwa dhati ya moyo wake kuwa farasi wake ni mwanahesabu. Kila mtu anayedai uwanjani kwamba mbwa wake anayajua maneno 20, na hajapata hata mara moja kuyatamka akiwa amempa mbwa mgongo, yuko katika hali ile ile ya von Osten, na yafaa aambiwe kwa upole.

Kutokana na habari hizi wako watu, na baadhi yao ni waongozaji hodari, waliokata shauri kwamba maneno katika mchezo huu ni pambo, na kwamba mwenye miguu myepesi na mabega yaliyonyooka hahitaji kufungua kinywa. Hukumu hiyo naiona ya haraka. Mbwa hulisikia neno, walakini hulipuuza neno lisilomletea habari, na sisi, kwa ada yetu ya kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, ndio tunaomzoeza kulipuuza. Mtazame mtu amfunzaye mbwa kuketi: huinama kidogo, huinua kiganja, na katika nukta ile ile hutamka kaa. Kiganja na kiuno vimekwisha kueleza kila kitu. Neno limekuja na habari iliyokwisha kufika, na mbwa, ambaye ni mnyama wa manufaa wala si mwanachuoni, hana haja ya kuitia akilini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Leon Kamin alilidhihirisha jambo hili kwa panya wa maabara: mnyama aliyekwisha kujifunza kwamba dalili moja hutangulia tukio fulani, ukimwongezea dalili ya pili pamoja na ile ya kwanza, hujifunza kidogo sana kuhusu hiyo ya pili, au hajifunzi kabisa, kwa maana haikumwambia asilolijua.

Dawa yake ni mpangilio, nao mafundi wanaoijua kazi wanaukubali ijapokuwa si wote wanaoutimiza: neno jipya litangulie, pafuate kimya cha kitambo kifupi ambacho mwili mzima umetulia, ndipo ije ishara ya zamani anayoijua mbwa, na baada ya tendo ujira. Neno, kimya, mkono, tendo, ujira. Likikaririwa hivyo, mbwa, ambaye daima anatafuta njia ya kuupata ujira upesi, huanza kugundua kwamba ile sauti hutangulia mkono kila mara, na kwamba hana sababu ya kuungoja mkono. Akaondoka ndani ya kile kimya. Hapo mkono waweza kupunguzwa kidogo kidogo, kisha ukaachwa. Ni jambo rahisi kulisimulia, na gumu kulitenda, kwa kuwa kutuliza mwili huku kinywa kikisema ni kinyume cha maumbile yetu. Watu wengi wakidhani kwamba wametulia, kidevu chao kimekwisha kuonyesha njia. Ndiyo maana waangalifu hujipiga picha za video wakiwa katika mafunzo, wakazitazama baadaye kwa masikitiko.

Kwa amri za kugeuka, ambazo ndizo roho ya mchezo, kazi huanzia kwenye mti mmoja au nguzo moja iliyosimikwa. Mbwa huongozwa kuizunguka nguzo kwa upande mmoja tu, mpaka aizunguke kwa wepesi na kwa furaha pasipo kusaidiwa. Wakati huo hakuna neno lolote linalotamkwa, kwa sababu tendo lenyewe bado ni bovu, na neno likifungwa kwenye tendo bovu, litaitisha tendo bovu. Tendo likishakamilika ndipo hupewa jina lake. Upande wa pili hufunzwa siku nyingine, na pande zote mbili zikishaimarika huchanganywa, mara huu, mara huu, bila utaratibu ambao mbwa aweza kuubahatisha. Ujira nao una mahali pake: ukitaka mbwa ajipinde kushoto, mpira urushwe huko kushoto anakoelekea, usitolewe mkononi, kwani akizoea kuwa kila jema hutoka mkononi mwa bwana wake, atageuza shingo kumtazama bwana katika kila hatua, na mbwa anayekimbia huku shingo imegeuka huangusha fito.

Katika kuitambulisha nukta ya tendo sahihi, wengi hutumia kidude kidogo cha kubofya kinachotoa mlio mmoja mkavu, nao mlio huo huwa ni ahadi kwamba chakula kinakuja. Njia hiyo ilitoka kwa wanafunzi wa B. F. Skinner nchini Marekani, na Karen Pryor aliieneza kwa watu wa kawaida, lakini msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda mbali kuiona. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio huo huo, na mmoja wao, Magawa, aliyefunzwa hapo na kupelekwa Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, na hadi anastaafu alikuwa amefichua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Panya huyo hakupata kukemewa wala kupigwa. Nalitaja hili makusudi, maana fikira ya kuwa mnyama hafunziki bila fimbo ingali na wafuasi wengi katika nchi zetu, na ushahidi wa kuikanusha upo Morogoro.

Limebaki suala la maneno yenyewe. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakichungua ubongo wa mbwa, waliwabandika mbwa wa majumbani nyaya za kupima umeme wa ubongo, wakawasikilizisha amri wanazozijua, kisha maneno ya uzushi yasiyofanana nazo, kisha maneno ya uzushi yaliyotofautiana na amri hizo kwa sauti moja tu. Ubongo wa mbwa uliipambanua amri na neno lililo mbali nayo. Baina ya amri na pacha wake wa uzushi haukuonyesha tofauti. Hili si kwa ubovu wa sikio, kwani mbwa husikia sauti za juu ambazo sisi hatuzifikii. Ni kwamba hana mazoea ya kulipima neno herufi kwa herufi kama tulivyolazimishwa sisi tangu utotoni. Kwa hiyo anayechagua amri achague sauti zilizoachana waziwazi, na hapa mwenye kutumia Kiswahili ana mtihani wake. Kulia na kushoto zaanza kwa silabi moja, na mzee wa Pwani anayesema kuume hajapona, maana yeye naye ameanza na ku. Ruka na rudi ni pacha hadi nusu ya njia. Panda, pinda na pita ni jamaa wa karibu mno. Mbwa aliye hewani hawezi kungoja silabi ya mwisho ndipo ajue. Aliyetamka shoto peke yake kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili akatafuta sauti nyingine isiyohusiana nayo kabisa, amemtendea mbwa wake hisani kubwa. Na asiogope kuonekana mpotofu wa lugha, kwa sababu huko Ulaya wako waongozaji mashuhuri ambao amri zao si maneno ya lugha yoyote, ni milio tu waliyoizua, mmoja wa kujipinda sana kushoto, mwingine wa kujipinda sana kuume, mwingine wa kwenda mbele moja kwa moja. Mbwa hana kamusi.

Tena sauti ina umbo lake mbali na herufi. Patricia McConnell, mtaalamu wa Marekani wa tabia za wanyama, aliwarekodi watu wa lugha mbalimbali wanaofanya kazi na mbwa na farasi, akagundua kwamba popote walipo, wakitaka kumhimiza mnyama hutumia milio mifupi inayokaririwa, na wakitaka kumtuliza au kumsimamisha hutumia mlio mmoja mrefu. Kisha mwaka 1990 akachapisha majaribio aliyowafanyia watoto wa mbwa, yaliyoonyesha kuwa milio mifupi inayopanda ndiyo iliyofaa zaidi kuwafunza kuja. Watu wa ajiliti wameifuata kanuni hii, wengi wao bila ya kuisoma: amri ya kwenda mbele hutamkwa kwa ufupi na kukaririwa kwa haraka, na amri ya kujikusanya kabla ya kona kali hushushwa na kuvutwa. Mwongozaji anayepiga kelele moja kwa kila jambo, na wako wengi, amejinyima nusu ya lugha yake.

Ila sauti hubadilika bila idhini ya mwenyewe. Mtu aliyefunza nyumbani kwa utulivu, jioni, kwa koo lililolegea, huingia mashindanoni moyo ukimdunda, na neno lile lile likatoka jembamba, la juu, lenye wasiwasi. Kwake yeye ni neno moja, kwa mbwa yawezekana kuwa ni jambo geni. Hao watu wa Budapest, katika utafiti wao mwingine wa mwaka 2016, waliwafunza mbwa 13 kulala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasemesha maneno ya sifa na maneno matupu, kwa lahani ya sifa na kwa lahani kavu; sehemu ya ubongo inayohusika na furaha ya ujira iliamka pale tu neno la sifa lilipotamkwa kwa lahani ya sifa. Maana na lahani, basi, mbwa huvipima vyote viwili. Kwa sababu hii wenye busara hufunza amri moja kwa sauti ya kunong'ona, kwa sauti ya kawaida, kwa sauti ya juu, na tena wakiwa wamekimbia hata wanahema, ili siku ya siku isilete sauti ambayo mbwa hajapata kuikuta.

Na wakati wa kulitamka neno ni jambo lililowashinda hata mabingwa. Mbwa mwepesi huenda mita 5 kwa sekunde na zaidi, na kutoka kiunzi hadi kiunzi huwa kama mita 5 hadi 7. Maana yake ni kwamba baina ya kuruka na kuruka kuna kitambo cha sekunde moja na kidogo, na neno linalochukua nusu sekunde kutamkwa humkuta mbwa amekwisha kumaliza mita mbili na nusu za ardhi. Akishaondoka chini, mahali atakapotua na upande atakaoelekea vimekwisha kuamuliwa. Basi amri ya kiunzi cha tano yapasa imfikie kabla hajauruka ufito wa nne, ilhali mtazamaji aliye pembeni angeona kuwa ni mapema mno. Anayeingoja miguu ya mbwa iguse nyasi ndipo aseme ni sawa na nahodha anayeamuru tanga ligeuzwe wakati dau limekwisha kuupita mlango wa bandari: amri ni sahihi, lakini hakuna wa kuitekeleza. Wabaya zaidi ni wale wanaolijaza pengo hilo kwa jina la mbwa, wakiliita na kuliita kila hatua. Jina, kwa mbwa aliyelelewa vyema, maana yake ni nitazame. Anapoitwa katikati ya mbio hugeuka kutazama, kasi ikapungua, kisha bwana wake akamlaumu kwa uzembe.

Atakayeyasoma haya barazani huenda akauliza, pasipo ubaya, kama kuna dalili yoyote ya yakini kwamba mbwa aweza kulifuata neno tupu, mwili ukiwa mbali. Dalili zipo, na kongwe zaidi ziko katika milima ya mpakani mwa Uingereza na Uskoti na katika Wales, ambako wachungaji wa kondoo walikuwa wakishindanisha mbwa wao karne moja kabla ya ajiliti; mashindano ya Bala, katika Wales, yalifanyika mwaka 1873. Mbwa wa mchungaji hutumwa mamia ya mita juu ya kilima, mahali ambapo mkono wa mtu si chochote, naye akawazunguka kondoo kwa upande wa mzunguko wa saa au kinyume chake kwa neno au kwa mluzi tu. Namna wanavyofunzwa inafaa kuangaliwa: mchungaji hamsukumi mbwa upande anaoutaka, bali hungoja mpaka mbwa mwenyewe, kwa silika yake ya kuwazunguka kondoo, ameanza kuelekea upande huo, ndipo alitamke neno la upande huo. Neno hulikuta tendo njiani, likalipa jina. Mkono haukuwahi kuingia, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuutoa.

Dalili nyingine ni za wanasayansi waliojifunza kutokana na Hans. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Leipzig, Ujerumani, walitangaza habari za Rico, mbwa wa jamii ya koli wa kuchungia, aliyejua majina ya vitu zaidi ya 200. Nao waliviweka vitu katika chumba kingine, ili mbwa anapokwenda kuchagua asimwone mtu yeyote wa kumpa ishara. Baada yake John Pilley, mwalimu mstaafu wa saikolojia wa chuo cha Wofford katika South Carolina, alimfunza koli wake, Chaser, kwa muda wa miaka mitatu, saa nne hadi tano kwa siku, hata akajua majina 1,022 ya vikaragosi, mipira na visahani, na akaweza kutofautisha jina la kitu na amri ya kukitendea. Chaser alikufa mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya mwalimu wake. Sitaki msomaji achukue kutoka hapa kuwa kila mbwa ni Chaser. Mbwa wengi, hata wakifunzwa majina ya vitu kwa bidii, hawafiki mbali. Lakini amri za matendo ni jambo jepesi kwao kuliko majina ya vitu, na mchezo wa viunzi haudai maneno 1,000. Maneno 15 yaliyofunzwa kwa uaminifu yatosha uwanja wowote.

Jaribio kali kuliko yote uwanjani ni pale mwamuzi anapouweka mlango wa handaki chini ya daraja, bega kwa bega na ubao wa kupandia. Mbwa anaikimbilia milango miwili kwa mwendo wa kasi, mtu yuko nyuma mita 10, na mgongo wa mbwa hauna macho. Hapo ndipo neno linapolipa gharama yake yote, na hapo ndipo linapofichuka la uongo. Mafundi hulitayarisha jambo hili kwa majaribio ya makusudi: hutamka amri wakiwa wameketi kitini, wakiwa wamelala nyasini, wakiwa wamempa mbwa kisogo, na mwisho wakikimbia kuelekea upande usiotakiwa. Mbwa akikosea, hakuna karipio. Ujira haupo, basi, na mtu hurudi hatua moja nyuma, kwa sababu kosa ni jawabu, na jawabu hilo ni kwamba funzo bado halijaiva. Mtu anayekasirika wakati huo anamkasirikia mnyama kwa kusema kweli.

Faida ya haya yote si ya mabingwa peke yao. Kuna wanawake na wanaume waliotimiza miaka 70 ambao magoti yao hayakubali tena kukimbizana na mbwa, na wako wanaoongoza wakiwa katika viti vya magurudumu. Kwao neno lililofunzwa vyema ndilo linalofungua lango la uwanja. Wala mbwa hana haja ya kuwa wa nasaba. Katika mashindano ya Westminster ya New York ya mwaka 2024, taji la ajiliti, ambalo tangu lianzishwe mwaka 2014 lilikuwa likichukuliwa na mbwa wa nasaba safi, lilitwaliwa na mbwa mdogo chotara aitwaye Nimble, kwa sekunde 28.76.

Mbwa wa kwetu, tunayemwita koko na kumfunga mnyororo mchana kutwa ili abweke usiku, ana masikio yale yale. Nawaomba wenye mbwa wafanye jambo moja kabla ya kununua ufito wala tairi: wamfungue, waende naye mahali penye ua, waweke mikono nyuma ya mgongo, watazame pembeni, watamke kwa sauti ya kawaida lile neno moja wanaloamini kuwa analijua kuliko yote, kisha wangoje. Akitenda, wampe haki yake papo hapo. Akibaki amewakodolea macho, wasimkemee. Waanze upya, neno kwanza, kimya, kisha mkono, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni, na watoto wa nyumbani waambiwe watumie neno hilo hilo.